Kipawa ni Amana: Kumtetea Mtoto Bila Kumdai

Jumapili moja, katika darasa la Shule ya Jumapili la usharika wetu huku Magogoni, mwalimu alikuwa akifundisha habari za Adamu na Hawa walipojificha bustanini. Binti wa miaka tisa akanyosha kidole akauliza: kama Mungu anajua kila kitu, kwa nini alimwuliza Adamu yuko wapi? Watoto wakacheka. Mwalimu akamwambia aketi, maandiko hayahojiwi. Ibada ilipokwisha, habari ikatufikia sisi wazee wa kanisa. Tukatikisa vichwa, tukasema mtoto huyu ni mjuaji, mama yake amrudi mapema. Samaki mkunje angali mbichi.

Leo tunakiri mbele ya washarika kwamba siku ile tuliokosea ni sisi. Swali la mtoto yule limewashughulisha waalimu wa kanisa kwa karne nyingi, naye alilifikia peke yake akiwa amekaa kwenye mkeka. Tunaandika haya kwa ruhusa ya mama yake, kwa sababu tunaamini wako watoto wengine kama yeye kwenye mabenchi yetu, na wazazi wao hawajui wafanye nini.

Mama huyo anauza chai na vitumbua Feri, kando ya soko la samaki. Huamka saa tisa usiku huko Kigamboni, akavuka na pantoni la mapema, ili wavuvi na wachuuzi wanywe chai kabla mnada haujapamba moto. Binti akitoka shule hukaa pale bandani. Wachuuzi watano wakichanga fedha kununua fungu moja mnadani, kila mmoja kwa kiasi chake, humwita yeye awagawie, naye huwaambia mgawo wa kila mtu bila karatasi wala simu. Wale wachuuzi waliona kipawa chake kabla yetu.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya mia moja na mwalimu mmoja. Binti alimaliza hesabu zake mapema, kisha akaanza kuongea na wenzake au kuwamalizia zao. Akaandikwa msumbufu. Akachapwa. Mama alipoitwa na kuambiwa mwanawe ni mtundu, alisadiki, maana yeye mwenyewe aliishia darasa la saba na hakuona atambishiaje mwalimu. Naye akamchapa nyumbani. Mtoto akapigwa mara mbili kwa kosa la kumaliza kazi mapema. Baada ya muhula mmoja akawa mtulivu kabisa, wote tukasema ameshika adabu. Kumbe alikuwa ameacha kufanya hesabu.

Hapo ndipo tunapofikia swali letu. Je, ni haki mzazi Mkristo kusimama na kusema, "Mtoto wangu ana kipawa, anahitaji msaada wa pekee"? Wengi wetu tunasitasita kwa sababu mbili, na zote mbili ni za heshima.

Sababu ya kwanza ni unyenyekevu. Tunaogopa kujisifu. Lakini tukumbuke mfano wa talanta katika Mathayo 25. Yule mtumwa aliyefukia talanta yake hakuhesabiwa kuwa mnyenyekevu, alihesabiwa kuwa mlegevu. Talanta haikuwa mali yake, kwa hiyo kuificha hakukuwa kujinyima yeye, kulikuwa kumnyima mwenye mali. Kipawa cha mtoto ni hivyo hivyo. Mzazi anayekitaja kwa mwalimu hajisifu, kwa maana si yeye aliyekitoa. Ni msimamizi anayetoa taarifa ya kilichowekwa mkononi mwake.

Tena Biblia haina aibu na wazazi na ndugu wanaomsemea mtoto. Jokebedi alisuka kisafina, naye Miriamu, msichana wa watumwa, akamwendea binti Farao akauliza kama amtafutie mlezi. Hakupiga kelele wala hakulaumu. Alisema neno moja la heshima, kwa wakati wake, kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kusaidia, na Musa akaishi. Na Yesu alipokuwa na miaka kumi na miwili, Luka anatuambia wazazi wake walimkuta hekaluni katikati ya waalimu, akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Wale waalimu hawakumfukuza. Tunajiuliza: mtoto yule angekuja kwenye darasa letu la Jumapili, tungemwambia nini?

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni haki. Katika darasa la watoto mia, wako wasiojua kusoma hata sentensi moja. Je, si ubinafsi kuomba zaidi kwa ajili ya yule ambaye tayari anajua?

Hatuwezi kulikwepa swali hili, nasi tunalijibu kwa kisa ambacho kila Mtanzania anakijua kwa sehemu. Kambarage, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, hakuanza shule mpaka alipokaribia miaka kumi na miwili. Inasimuliwa kwamba Mtemi Makongoro wa Ikizu, rafiki wa baba yake, alimwona mtoto huyo jinsi alivyokuwa hodari kwenye bao, akamshauri mwenzake ampeleke shule. Mwaka 1934 akapelekwa Mwisenge, Musoma, na mwaka 1937 akaendelea Tabora. Angalieni nani aliyemtetea: si mama wala baba, bali mtu wa nje ambaye hakuwa na faida yoyote. Watoto wengi wa rika lake walibaki wakichunga. Je, walidhulumiwa? Mwalimu Nyerere mwenyewe hakulichukulia jambo hilo kwa wepesi. Alipenda kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Akila asirudi, ni msaliti. Na alipokuwa Rais, akifanya kazi katika Ikulu ile tunayoiona hapa hapa Magogoni, Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba kufikia 1977 kila mtoto apate nafasi ya elimu ya msingi. Mlango aliofunguliwa yeye peke yake, alijitahidi kuwafungulia wote.

Basi jibu letu ni hili: kumtetea mtoto mwenye kipawa si dhuluma iwapo tunamtetea kwa ajili ya kijiji. Ni dhuluma tukimtetea ili ale peke yake, au ili tule sisi.

Maneno hayo ya mwisho tuliyajifunza kwa uchungu. Yule mwalimu wa Jumapili, baada ya kuona binti hanyoshi tena kidole, alijuta akamtembelea mama bandani. Mama akasema, "Mimi wa darasa la saba, nitamwambia nini mwalimu?" Mzee mmoja wa kanisa akakubali kumsindikiza. Walikwenda baada ya masomo, si wakati wa vipindi. Mama akabeba madaftari ya mwanawe pamoja na karatasi za migawo ya wachuuzi, kisha akasema tu: "Mwalimu, shikamoo. Sikuja kulaumu. Nimekuja kuomba tumsaidie pamoja." Mwalimu, aliyezoea wazazi wanaokuja kugomba, aliketi akasikiliza. Akakubali kumpa hesabu za darasa la mbele akimaliza zake, na kumruhusu awaelekeze wenzake wawili watatu. Mama akaomba jambo moja zaidi: asigeuzwe mwalimu msaidizi kila siku, maana naye amekuja kujifunza. Fimbo ikakoma.

Tulifurahi, na furaha ikatulevya. Tukaanza kumsimamisha binti mbele ya usharika kukariri mistari. Tukamwita "daktari wetu". Mama naye, aliyekuwa haoni tumaini lolote, ghafla akaona lote mahali pamoja: nyumba, ada za wadogo, uzee wake. Akamwingiza tuisheni mpaka jioni, akamkataza kucheza rede na wenzake. Shati jipya likaenda kwa binti, na mdogo wake wa kiume akaambiwa kila siku, "Mwangalie dada yako." Kabla ya mwaka kwisha, binti alikuwa akiumwa tumbo kila siku ya mtihani, na mdogo wake alikuwa hataki kusema naye.

Yakobo alimpenda Yusufu kwa haki, lakini lile vazi alilomvika peke yake nusura limwue. Na mama wa wana wa Zebedayo alimwendea Bwana kuwaombea wanawe viti viwili, kuume na kushoto. Ombi lilitoka katika upendo, hatuna shaka. Lakini alikuwa anaomba cheo, naye Bwana akawaelekeza kwenye kikombe na utumishi. Tofauti kati ya mama huyu na Miriamu ni ndogo kwa macho: wote wawili walimwendea mkubwa kumsemea mtoto. Miriamu aliomba mtoto aishi. Mama wa wana wa Zebedayo aliomba wanawe wawe juu ya wengine. Kila mzazi anayekwenda kugonga mlango wa mwalimu ajiulize kwanza anaomba lipi kati ya hayo mawili.

Mchungaji alipozungumza na mama, alimkumbusha Hana, ambaye alimwomba Mungu mtoto kwa machozi, kisha akamrudisha kwake. Mama alilia. Kesho yake akamwambia binti, "Wewe si deni langu." Tuisheni ikapunguzwa, rede ikarudi. Hata sheria ya nchi iko upande wa rede: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, matibabu na elimu.

Nasi kama usharika tulibadilika. Chumba cha nyuma ya kanisa sasa hufunguliwa Jumamosi mchana kwa watoto wote wanaotaka kusoma, kuchora, kufungua redio mbovu au kuuliza maswali. Tunajua serikali ina shule za vipaji maalumu, kama Kibaha, Mzumbe, Ilboru, Kilakala na Msalato, na wazazi wanapaswa kuzifahamu. Lakini huko huingia kwa alama za mtihani, na mtihani hauoni kila kipawa. Mtoto anayetengeneza redio hana pa kuiandika kwenye karatasi ya majibu. Huyo anahitaji jirani, mzee au mwalimu wa Jumapili mwenye macho, kama Mtemi Makongoro pale kwenye bao.

Binti sasa yuko darasa la sita. Hatujui atafika wapi, na tumeacha kumtabiria. Majuzi mwalimu wa Jumapili alilirudia swali lake la zamani mbele ya darasa, akamwomba msamaha, kisha akawauliza watoto wanaonaje. Binti alifikiri kidogo akasema labda Mungu alijua Adamu aliko, ila alitaka Adamu ajibu mwenyewe.

Sisi tuliokuwa mlangoni tulinyamaza. Maana mtoto wetu anapochapwa kwa kipawa chake, au anapolemewa na ndoto zetu, Mungu anajua vema tulipo. Anataka tujibu wenyewe.