Kura na Unga

Mara nyingi twasikia watu wakinung'unika baada ya ibada: "Kura tumepiga, mbona unga bado ghali?" Swali hili si la kipuuzi. Tuwatazame jirani zetu wa Malawi, ambao wengi wetu twawafahamu kwa sababu ya kanisa kuu la Likoma, lililojengwa na wamisionari wa UMCA.

Mwaka 1993 Wamalawi walikubali vyama vingi. Mwaka 1994 wakamwondoa kwa kura Dakta Banda, aliyekwisha kutangazwa Rais wa Maisha. Mwaka 2020 mahakama yao ilibatilisha uchaguzi wa 2019, maana fomu za matokeo zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe. Uchaguzi ukarudiwa, mpinzani akashinda. Nchi chache zaweza kujisifia hivyo. Hata hivyo Malawi ingali miongoni mwa nchi maskini kabisa duniani.

Kura humchagua mtawala. HailetI mvua, wala haipangi bei ya tumbaku, zao kuu la nchi ile isiyo na bahari.

Sisi tuliofundisha ualimu twaguswa zaidi na habari ya shule. Mwaka 1994 serikali mpya ilifuta ada ya shule za msingi. Wanafunzi wakaongezeka kutoka kama milioni 1.9 hadi karibu milioni 3. Ahadi ilikuwa njema, nasi tungaliipigia kura. Lakini mwalimu haivi kwa majuma mawili! Waliajiriwa maelfu wasiosomea kazi hiyo, madarasa yakafurika, na watoto wengi wakaacha shule kabla ya kujua kusoma vizuri. Je, lilikuwa kosa kutimiza ahadi? Twasita kusema hivyo, maana mtoto aliyefukuzwa kwa kukosa ada naye hakujifunza lolote.

Wako wasemao heri mkono wa chuma. Chini ya Banda Wamalawi walikuwa maskini vilevile, na maaskofu Wakatoliki walioandika hivyo katika barua yao ya Kwaresima mwaka 1992 walihojiwa na polisi. Haki ya kunung'unika haijazi chungu, lakini hatuoni kitajazwaje mahali ambapo mwenye njaa hathubutu kusema ana njaa.

Septemba 2025 Wamalawi walipanga foleni tena. Walichoshwa na bei za vyakula na uhaba wa mafuta. Wakamwondoa Rais Chakwera, aliyekuwa mchungaji, wakamrudisha Peter Mutharika, yule yule waliyemwondoa mwaka 2020.