Asiyekubali Kushindwa: Methali Inamwambia Nani?

Siku hizi methali "asiyekubali kushindwa si mshindani" husemwa zaidi na walioshinda. Msemaji ameshavishwa medali au ameshaapishwa. Anayeambiwa bado anahema. Katika viwanja vya shule za Garissa, Wajir na Mandera, mkimbiaji aliyetarajiwa kuongoza akimaliza wa tatu, methali hiyo humfikia kabla hajafika kivulini. Mwalimu huisema kwa nia njema, mzazi huirudia kwa uchungu, na wanafunzi wenzake huifanya kibwagizo cha kumzomea. Wanasiasa nao wameigeuza kufuli ya mdomo wa mpinzani: ukishindwa, nyamaza.

Ikitumiwa hivyo, methali inapoteza nusu ya maana yake, na nusu inayopotea ndiyo iliyo bora.

Kiini cha mabishano ni wakati. Wengi huchukulia kwamba kukubali kushindwa ni jambo la baada ya mbio: utepe umekatwa, majina yametangazwa, sasa aliyeshindwa ampe mwenzake mkono na asinung'unike. Hiyo ni adabu njema na hakuna anayeipinga. Lakini methali inazungumzia jambo kubwa kuliko adabu. Inaeleza ni nani anayestahili kuitwa mshindani, na sifa hiyo mtu huwa nayo, au huikosa, kabla hajainua mguu.

Mkimbiaji anayesimama kwenye mstari akijua kwamba walio kushoto na kulia kwake wana haki sawa na yake ya kufika kwanza, huyo ameshakubali, na kukubali huko hakumpunguzii kasi hata kidogo. Anayesimama pale akiamini kwamba ushindi ni mali yake na wengine wamekuja kumsindikiza, huyo hashindani na mtu. Amekuja kuchukua chake. Akishinda, hajifunzi lolote kuhusu wenzake. Akishindwa, huona ameibiwa. Kwa hiyo methali inamhusu wa kwanza kama inavyomhusu wa mwisho, na haifai kumchapa nayo aliyeshindwa peke yake.

Habari za Edward Cheserek zinalionyesha hili waziwazi. Kijana huyo wa Marakwet alisoma sekondari ya St. Benedict's mjini Newark, Marekani, kisha mwaka 2013 akajiunga na Chuo Kikuu cha Oregon. Mwezi Novemba mwaka huohuo, akiwa bado mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, alikwenda Terre Haute, jimbo la Indiana, kwenye mbio za nyika za NCAA zinazokutanisha vyuo vikuu vya nchi nzima. Bingwa mtetezi alikuwa Mkenya mwenzake, Kennedy Kithuka wa Texas Tech. Cheserek alimshinda. Akarudia ushindi mwaka 2014, akarudia tena 2015, na kuwa mwanamume wa kwanza kutwaa taji hilo mara tatu mfululizo. Hata Henry Rono, Mkenya aliyelitwaa mara tatu miaka ya sabini, hakuyapata kwa mfululizo. Mashabiki wakamwita Mfalme Ches.

Novemba 2016 mashindano yalirudi Terre Haute. Taji la nne lilikuwa halijawahi kufikiwa na mwanamume yeyote, na mashabiki walilihesabu kuwa limeshapatikana. Patrick Tiernan, Mwaustralia wa Chuo Kikuu cha Villanova, akachomoka na hakushikika. Justyn Knight wa Syracuse akafika wa pili. Mfalme akawa wa tatu.

Mashabiki walifanya yale ambayo mashabiki hufanya kila mahali. Wapo waliomtafutia visingizio, wapo waliotangaza kwamba zama zake zimekwisha, na wachache tu ndio waliogeuka kumtazama Tiernan. Hapa ndipo methali inapouma. Cheserek alikuwa ameingia mbio zile kwa miguu yake, akijua kwamba uwanja uleule uliompa taji la Kithuka ungeweza kumpokonya lake. Mashabiki wake hawakuwa wamelikubali hilo. Aliyekosa sifa ya ushindani siku ile hakuwa ndani ya uwanja. Alikuwa nje ya kamba.

Wako makocha wanaopinga fikra hii. Wao husema anayekubali mapema kwamba anaweza kushindwa ameshashindwa, na kwamba mkimbiaji afundishwe kuchukia hata wazo lenyewe. Hoja hiyo ina mvuto, lakini Tiernan anaijibu. Mwaka mmoja kabla ya Terre Haute, mjini Louisville, alikuwa amemaliza wa pili nyuma ya Cheserek. Angeweza kujiambia kwamba mfalme hashindiki na kuanza kuviziana na wengine kwa nafasi ya pili. Angeweza pia kuukana uhalali wa kipigo kile. Alirudi na kukimbia kwa ujasiri wa mtu ambaye kipigo hakimtishi tena, kwa sababu alikwishakionja na kuendelea kuwa mkimbiaji. Anayeogopa kushindwa hukimbia kwa woga. Anayekubali kwamba huenda akashindwa anaweza kuchomoka mapema na kuona itakuwaje.

Kwa Waislamu wa Garissa, mji wenye soko kubwa la mifugo na watu wanaojua ngamia, upo ushahidi wa zamani zaidi. Katika Sahihi Bukhari, Anas bin Malik anasimulia habari za Adhbaa, ngamia jike wa Mtume Muhammad (S.A.W.). Ngamia huyo alikuwa hapitwi. Siku moja akaja bedui juu ya ngamia mchanga, akampita. Jambo hilo likawawia zito Waislamu, na Mtume akaliona kwenye nyuso zao. Akawaeleza kwamba Mwenyezi Mungu amejiwekea haki hii: hakuna cha dunia kinachopanda ila yeye hukishusha.

Ni vyema kutazama maneno hayo yalielekezwa kwa nani. Mtume hakumlaumu ngamia wala hakuukana ushindi wa bedui. Hakuna aliyeambiwa kwamba mnyama alikuwa amechoka. Aliyefundishwa ni umati uliosimama ukitazama, umati uliojisahau kwa mapenzi ukadhani kitu kinachopendwa hakiwezi kushushwa. Na anayefundisha ndiye mwenye ngamia aliyepitwa. Kama yuko mtu aliyekuwa na sababu ya kuona uchungu, ni yeye. Lakini inaonekana alikwishakubali tangu siku ya kwanza Adhbaa alipotolewa kushindana. Mashabiki wa leo wanaohudhuria swala ya Ijumaa na jioni kumtukana mkimbiaji aliyemaliza wa nne wanapaswa kuirudia habari hiyo polepole, mstari kwa mstari, mpaka iwaguse.

Kukubali huku pia hakumfungi mtu mdomo. Mashindano ya kweli yana kanuni, na kanuni zina mlango wa kukata rufaa. Atumiaye mlango huo bado yumo ndani ya mashindano. Tarehe 5 Agosti 2024 mjini Paris, Faith Kipyegon alimaliza wa pili nyuma ya Beatrice Chebet katika mita 5000 za Olimpiki, kisha akaondolewa kwa madai ya kumzuia Gudaf Tsegay wa Ethiopia. Kenya ikakata rufaa, na medali yake ya fedha ikarudi. Mtu angemwambia jioni ile kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani, angekuwa ameitumia methali kutetea kosa. Vivyo hivyo tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais, baada ya walalamikaji kwenda kortini huku methali hii ikiwasindikiza kama karipio. Mwenye kushindwa kwa haki anakubali. Mwenye shaka anauliza mahali pa kuulizia. Yote mawili ni tabia za mshindani.

Watu wa Kaskazini Mashariki wana sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili, kwani wakimbiaji wengi wa Kisomali wanaowaita ndugu hukimbia chini ya bendera za wengine. Abdi Bile wa Somalia alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha George Mason. Mwaka 1984, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, aliondolewa katika nusu fainali ya mita 1500. Mwaka uliofuata akatwaa ubingwa wa NCAA, na mwaka 1987 mjini Roma akawa bingwa wa dunia wa umbali huo. Mohamed Ahmed alizaliwa Mogadishu, akaishi Kenya utotoni, akakulia Kanada na kukiwakilisha mbioni Chuo Kikuu cha Wisconsin. Aliposhinda medali ya fedha katika mita 5000 za Olimpiki ya Tokyo, alikuwa wa kila mtu. Katika mita 10000 mjini Paris alikosa shaba kwa chini ya nusu sekunde, na hapo wa kila mtu akarudi kuwa Mkanada.

Undugu wa aina hiyo haufai. Unadai sehemu ya utukufu bila kuchangia chochote katika maumivu. Anayemwita mkimbiaji "wetu" siku ya ushindi ameshaweka sahihi pia kwa siku nyingine, na methali inamdai aitimize.

Kisha kuna mkeka, yaani tiketi ya kubeti. Kamari ya michezo imewafundisha vijana kumtazama mkimbiaji kama mdaiwa. Mkeka ukichanika, aliyeweka fedha huona amedhulumiwa na mtu ambaye hawajawahi kuonana, na simu iliyo mkononi humfikishia mkimbiaji matusi kabla hajafungua kamba za viatu. Mwezi Juni 2025, baada ya mbio za Philadelphia, kampuni ya kamari ya FanDuel ilimfungia mteja aliyejisifu mtandaoni kwamba alimzomea mwanariadha Gabby Thomas ili ashindwe na mkeka wake upite. Ukatili huo haukuanzia kwa mteja mmoja. Unaanza pale mtu mzima anapomwonyesha mtoto kwamba thamani ya mkimbiaji ni kile anachomletea mtazamaji. Wazazi wanaobeti mbele ya watoto wao waache.

Kushindwa siku moja si mwisho wa mkimbiaji. Cheserek, mfalme aliyeambiwa amekwisha, alikimbia maili moja ukumbini mjini Boston Februari 2018 kwa dakika 3 na sekunde 49.44, muda uliokuwa wa pili kwa ubora katika historia ya mbio hizo. Mwaka 1998 huko Lawrence, Kansas, Abdi Abdirahman, kijana aliyezaliwa Somalia na kupitia Kenya akiwa mkimbizi, alikiwakilisha Chuo Kikuu cha Arizona katika mbio za nyika za NCAA na kumaliza wa pili nyuma ya Adam Goucher. Abdirahman alikwenda Olimpiki mara tano, ya mwisho ikiwa ya Tokyo, katika marathoni ya Agosti 2021, akiwa na umri wa miaka 44. Hakupata medali hata moja katika hizo tano. Shabiki aliyemwacha siku ile ya Kansas kwa kuwa alikuwa wa pili alikosa kumtazama kwa zaidi ya miaka 22.