Shamba la Kiganjani

Kule Kidatu muwa hukaa ardhini karibu mwaka mzima kabla ya kukatwa. Katika Hay Day, mchezo wa simu uliotolewa Ufini mwaka 2012, huiva kwa nusu saa. Kazi ni ileile: panda, ngoja, vuna, panda tena. Wachezao wenyewe wakiri kuwa yachosha. Twajiuliza basi, wasomaji wapenzi: mbona kijana anayelikimbia jembe huamka usiku kuvuna miwa isiyo na utamu? Kumwita mvivu ni kumwonea. Shamba lile humlipa papo hapo, mkononi mwake, ingawa kwa sarafu zisizonunua hata chumvi. La babake amelipalilia tangu utotoni. Lakini fedha za kiwandani zifikapo, hakuna amwambiaye zilikuwa ngapi.