Pua ya Mgeni

Mjomba wangu ana Kombi. Nikisema Kombi, wenzangu wa mjini msifikirie daladala. Hii ni Volkswagen ya miaka ya sabini, injini nyuma, ile ya kulala ndani: paa linanyanyuka kama mwavuli, kuna kabati la mbao, na benchi linakunjuka likawa kitanda. Mzungu aliyekuwa nayo alipoondoka aliiuza kwa bei ya kutupa, ikapita mikononi mwa watu watatu au wanne mpaka ikatua kwa Mjomba, Mtua. Kitanda kikageuka viti vya abiria. Kwenye kabati, palipokuwa na jiko, sasa kuna spana na dumu la maji. Siku za gulio inapeleka watu na magunia yao Nachingwea mjini. Siku nyingine imelala chini ya mwembe kama mzee mstaafu.

Nilikwenda kumsalimia Agosti 2019. Kufungua mlango tu, petroli ikanipiga puani.

"Mjomba, gari linanuka mafuta."

"Linanuka? Mbona mimi sisikii kitu?"

Na kweli alikuwa hasikii. Hapo ndipo lilipoanza swali lililoninyima raha, na ndilo ninalotaka tulitazame, ndugu msomaji: mtu asiyesikia harufu ya hatari kwa sababu ameizoea, ana kosa?

Tumtetee kwanza. Pua huchoka. Ukikaa na harufu moja kwa dakika kadhaa, inaacha kukupasha habari. Huo si ukaidi, ni maumbile. Tena pua ya binadamu inaikamata petroli mapema sana, mvuke wake ukiwa haba mno, mbali kabla haujafika ile asilimia moja na ushei ya hewa ambapo cheche moja inatosha kumaliza kila kitu. Ni mlinzi hodari kweli, ila anapiga filimbi mara moja halafu anasinzia. Na mvuke wenyewe ni mzito kuliko hewa, hautoki juu kama moshi. Unatambaa sakafuni, kwenye miguu ya watu na vikapu vyao.

Mimi mwenyewe siku ile nilipanda, nikakaa, tukazunguka kidogo. Baada ya nusu saa harufu ilikuwa imekwisha. Nikafurahi, bwana! Kumbe haikwisha. Mimi ndiye niliyekwisha.

Siku ya gulio nikakaa nyuma kupokea nauli. Bibi mmoja akapanda na kapu la mbaazi. Hakuketi. Akasimama ameinama chini ya paa, akavuta pumzi.

"Mjukuu wangu, mbona humu mnanuka petroli?"

Nilimtazama Mjomba. Mjomba alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Hapana bibi," nikasema, "gari za zamani ndivyo zinavyonuka."

"Haya. Labda pua yangu tu." Akaketi, akapakata kapu lake.

Nisijitie usafi. Kwetu Wamwera ukoo hupitia kwa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli. Huwezi kumkosoa mbele ya abiria ukabaki na uso. Hiyo ni sababu moja, na ni ya kweli. Sababu ya pili ni kwamba bibi angeshuka, na wenzake wangeshuka naye, na nauli ingeshuka nao.

Wiki ileile, tarehe 10 Agosti, redio ikatangaza habari za Msamvu, Morogoro: lori la mafuta limepinduka, watu wamekusanyika kuchota, moto umelipuka. Waliokufa, hesabu ilipokwisha, walizidi 100. Mjomba alikuwa ameketi penye usukani, redio mapajani. Akatikisa kichwa. "Watu hawana akili," akasema. Sikucheka, wala sikumjibu. Wale wa Msamvu pua zao zilikuwa nzima, harufu waliisikia. Ila mizani yao ilikuwa na dumu la petroli ya bure upande mmoja na shida ya nyumbani upande wa pili. Yetu ilikuwa na nauli. Sioni tofauti kubwa, isipokuwa sisi tulikuwa tunabeba roho za watu wengine.

Mwaka 1877 Mwingereza mmoja, William Clifford, mtaalamu wa hisabati na falsafa, aliandika juu ya mwenye meli. Meli imezeeka, anajua, na matengenezo ni ghali. Anaanza kujituliza: mbona imesafiri mara nyingi ikarudi? Mashaka yanamtoka, anaagana na abiria kwa moyo mweupe kabisa. Meli inazama, yeye anachukua fedha za bima. Clifford anasema huyu ana hatia ya vifo vile, na kuamini kwake kwa dhati hakumsaidii, kwa sababu imani ile hakuipata kwa kuchunguza, aliipata kwa kuyanyamazisha mashaka yake. Anaongeza neno lililonikaa kooni: hata kama meli ingefika salama, hatia ni ileile.

Nakubaliana naye, lakini Mjomba simwoni mle. Mwenye meli alikuwa na mashaka, akayafukuza. Mjomba mashaka hayakumfikia, pua yake ilishalala siku nyingi. Aliyeyafukuza ni mimi, na sikufukuza yangu peke yake, nilifukuza na ya bibi. Tuna methali, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni alikuja, akasema wazi, nami nikamwambia ni pua yake. Na sisi vijana tunaojiita waandishi, tunaojigamba kwamba tunanusa uozo wa jamii kutoka mbali, tutazame tunaponusa tukiwa ndani ya gari la mjomba.

Nililala nalo siku mbili. Ya tatu nikamwambia Mjomba, tukiwa wawili tu. Alinuna, kisha akatoa ufunguo.

Fundi wa Nachingwea hakushika spana kwanza. Aliuliza: linanuka tangi likijaa tu? Hapo angeshuku mpira wa mdomo wa kujazia, au ile mipira ya hewa ya juu ya tangi. Linanuka hata likiwa robo? Likitembea, au hata likilala? Hatukuwa na jibu hata moja. Watu wawili wenye gari, hakuna shahidi! Fundi akatutoa nje, akamwita muuza kahawa aliyekuwa anapita. Akawa anapangusa kila kiungo kwa kitambaa kikavu, kimoja kimoja, na kumpa anuse. Hiki? Hapana. Hiki? Hapana. Cha nne muuza kahawa akarudisha kichwa nyuma.

Ulikuwa mpira mfupi unaotoka kwenye tangi kwenda pampu, ule wa zamani uliovikwa nyuzi za kitambaa. Kwa nje mzima kabisa. Fundi alipoukunja, zile nyuzi zikalowa. Mpira ndani ulikuwa umepasukapasuka kama kisigino cha kiangazi, na betri iko pembeni yake tu. Alibadilisha yote, akisema ni ya rika moja. Gharama haikufika nauli ya abiria watano.

Mjomba hakusema kitu njia nzima. Lakini tangu siku ile, kabla hajawasha gari, humwita mtu yeyote aliye barabarani aingize kichwa ndani anuse. Watu wa Mtua wanamcheka.

Yule bibi nilimkuta sokoni mwezi uliofuata, amepanga mbaazi zake mafungu mafungu. Nikamwamkia, akaitikia, akanikumbuka.

"Ile harufu," nikamwambia, "ilikuwa petroli kweli, bibi. Mpira ulikuwa umepasuka. Nilikudanganya."

Alinitazama kidogo.

"Kumbe pua yangu nzima," akasema. "Nami siku zote hizi nilikuwa namwita mjukuu wangu aninusie mboga."