Jina Sawa, Anwani Ngoja

Mvua ikinyesha wiki mbili hivi, kila mahali panachipua kitu, na siku hizi wengi wetu tunakipiga picha hata kabla ya kukigusa. Mimi napenda hiyo tabia. Unainama, unapiga jani juu na chini, unapiga vile majani yamepangwa kwenye shina, unaweka kwenye iNaturalist, unangoja. Mche huhitaji subira: hauna ua wala tunda, na majani yake ya kwanza mara nyingi hayafanani na ya mti mzima. Programu itakisia, kisha mtu mwenye jicho zuri atasahihisha.

Swali langu linaanza jina likishapatikana. Kwani kuuona mmea porini kunanipa haki ya kuutangaza?

Chukua msandali, Osyris lanceolata kwa jina la kisayansi. Humea sehemu kavu zenye mawe, Samburu ikiwemo. Mafuta yake ya manukato yamo kwenye shina na mizizi, kwa hivyo mwizi hakati tawi akaenda zake. Anang'oa mti mzima. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na tangu 2013 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES. Lakini magendo hayakuisha. Sasa wewe umekutana na mche wake, umefurahi, umeposti picha pamoja na lokesheni kamili. Wewe ulionyesha uzuri. Mwingine ameonyeshwa njia.

Kuna msee ataniambia: basi tunyamaze tu. Hapana. Wangari Maathai na wenzake walipoenda Karura kupanda miche mwaka 1999, wakapigwa, walichokuwa nacho ni kuonekana. Watu wengi hapa na ng'ambo walijua msitu uko wapi na kwamba unamegwa. Ukimya ungewafaa wanyakuzi.

Kwa hivyo siri si jema lenyewe, na uwazi pia si jema lenyewe. Inategemea adui ni nani. Anayetaka ardhi hushindwa na macho mengi. Anayetaka mti anahitaji macho mawili tu, yake, na maelekezo.

Ndiyo maana naona jina ni la wote, lakini anwani hutolewa kwa kipimo. iNaturalist yenyewe huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini: alama huwekwa popote ndani ya mraba wenye upande wa kilomita 22 hivi. Grupu la WhatsApp halifanyi hivyo. Na hata ukizima lokesheni, kibao cha barabarani nyuma ya picha kitasema yote.

Halafu kuna wenyeji. Mchungaji anayepita hapo kila siku na mbuzi wake huenda anaujua huo mti tangu utotoni, na ana jina lake. Kabla ya kuita jambo hilo ugunduzi, tungemuuliza yeye: angependa nani ajue? Yeye ndiye atabaki na shimo mti ukiondoka.

Gharama ya kungoja jibu lake ni kukaa na picha kali kwenye simu bila mtu wa kuipenda. Inauma kidogo, sikatai. Ila mche haukuchipua ili tuonekane sisi.