Nguvu za Mwili na Mpaka Wake

Vijana wetu huuliza kama yampasa Mkristo kutumia saa zake katika mpira na mazoezi ya viungo. Wazee huwajibu upesi kwamba Paulo, alipomwandikia Timotheo, aliyahesabu mazoezi hayo kuwa faida ndogo. Ni kweli, lakini kidogo si bure. Neno lile laonyesha kipimo, na kipimo hicho ndicho nitakacho tukitafute, kwa kutazama maisha ya mtu mmoja aliyekuwa mchezaji na daktari pia.

Dr. John William Arthur alizaliwa mwaka wa 1881 huko Scotland, akasomea udaktari Glasgow, akafika misheni ya Kikuyu, Kenya, mwaka wa 1907. Alipenda mpira, tena alipenda kupanda milima. Hakuona kwamba hospitali na uwanja ni kazi mbili. Daktari hospitalini huukuta mwili ulipokwisha kuanguka. Uwanjani huukuta ungali umesimama. Huko kijana hujifunza kuitii filimbi, kumpa mwenzake mpira hata akitamani sifa ya bao, na kushindwa pasipo kwenda kutafuta fimbo. Mwenye kudharau mafunzo hayo, nadhani hajapata kuamua ugomvi wa vijana.

Ikaja vita. Wapagazi wa jeshi la Kiingereza walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao si kwa risasi, bali kwa kuhara, kwa homa na kwa chakula kibaya. Sisi wa Songea, ambao vita vile vilitufikia mwaka wa 1916, hatuhitaji kuelezwa uzito wa mzigo ule. Mwaka wa 1917 Arthur aliwakusanya watu wa misheni, zaidi ya 1,500, wawe kikosi chao wenyewe, akaenda pamoja nao katika nchi yetu hii, akiangalia chakula chao na afya yao. Waweza kuuliza kama ilikuwa haki kuwapeleka hata kidogo, maana vita havikuwa vyao. Nami nauliza vivyo hivyo. Lakini kama hawangeepuka kwenda, ni heri walikwenda na mtu aliyejua mwili wa binadamu wawezaje kuchoka.

Basi, jambo gumu ni lile la mwaka wa 1929. Madaktari wa misheni walikuwa wameona jinsi wanawake waliotahiriwa walivyoteseka katika kuzaa. Arthur alitaka desturi ile ikome, na katika shina la neno alikuwa na haki. Tanzania imekataza kwa sheria ya mwaka 1998 kuwafanyia hivyo wasichana walio chini ya miaka 18, na Kenya ilitunga sheria yake kali mwaka 2011. Lakini aliwataka washiriki watie sahihi, au alama ya dole gumba, kwamba wameikana desturi ile, tena kwamba wamekiacha chama cha Wakikuyu kilichodai ardhi yao. Watu waliiita kirore. Hapo mambo mawili yalifungwa katika kamba moja: mwili wa binti na shamba la baba. Wengi mno waliliacha kanisa, wakajijengea makanisa na shule.

Mtu ataniambia, je, angenyamaza? Hasha. Daktari aonaye jeraha akanyamaza hana udaktari. Lakini naona kwamba mtu mwenye nguvu, aliyezoea kuushinda mwili wake mwenyewe kwa amri, hujaribiwa kudhani kwamba moyo wa mwenzake nao hushindwa kwa amri. Filimbi husimamisha miguu ya watu ishirini na wawili mara moja. Haimgeuzi mama mmoja anayemwogopea binti yake asikose mume. Mama huyo alihitaji kuketi na mkunga, na pengine na mama mwingine aliyekwisha kuzika mjukuu, siku nyingi, bila karatasi mezani. Kazi hiyo haina mshindi wa jioni, wala hakuna anayeipigia makofi.

Arthur alirudi kwao mwaka wa 1937, akafariki mwaka wa 1952. Shule za wale waliomwacha zilikuwa zimedumu hata mwaka huo, ndipo serikali ya kikoloni ilipoanza kuzifunga.