Picha ya mayai na haki ya mama yake

Wiki tatu zilizopita, baada ya swala ya Ijumaa hapa Sumbawanga, kijana mmoja alinishika mkono akanivuta pembeni, pale tunapovulia viatu. Alikuwa na swali, na kwa jinsi alivyotanguliza dua ndefu ya kuniombea heri nikajua halitakuwa swali jepesi. Alitaka kujua kama zile safari zangu za Jumamosi na Jumapili, za kushuka ziwani na kamera shingoni kupiga picha ndege na wanyama, nina hakika nazo kisheria. Amesikia darsani habari ya watengeneza picha na adhabu inayowangoja Siku ya Kiyama, na alikuwa na wasiwasi nami. Namshukuru. Si wengi siku hizi wanaomhofia mwenzao kwa uso wake badala ya kumsema kwa mgongo wake.

Nilimjibu kama wengi wetu tunavyojibu, yaani kwa kumweleza ikhtilafu za wanachuoni. Hadithi alizozisikia ni sahihi, zimo ndani ya Bukhari na Muslim, na hakuna Muislamu wa kuzikanusha. Walipotofautiana maulamaa ni iwapo kamera inaingia humo. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika risala nzima akieleza kwamba kamera haiumbi wala haishindani na uumbaji, bali inakizuia kivuli cha kitu ambacho Allah (s.w.) ameshakiumba, mfano wa kioo. Sheikh Yusuf al-Qaradawi aliitegemea rai hiyo katika kitabu chake mashuhuri cha halali na haramu. Kwa upande mwingine, Sheikh Abdul-Aziz bin Baz wa Saudi Arabia, aliyefariki mwaka 1999, hakuona tofauti kati ya mkono na mashine: picha ya chenye roho haijuzu ila kwa dharura, kama ya kitambulisho. Pande zote mbili zinakutana katika jambo moja, kwamba mti, mlima, maji na kila kisicho na roho havina ubaya. Ndivyo Ibn Abbas (r.a.) alivyomwelekeza yule mchoraji aliyemwendea akilalamika kwamba riziki yake yote iko mikononi mwake.

Nikamwongezea, kwa fahari kidogo, kwamba yule aliyechunguza kwa kina namna nuru inavyopita katika tundu dogo na kuchora sura ya vitu vya nje ndani ya chumba cha giza, jambo ambalo ndilo msingi wa kamera zote, ni Muislamu, Ibn al-Haytham wa Basra, miaka 1,000 iliyopita.

Kijana akaridhika, akaenda zake. Mimi sikuridhika. Muda wote nilipokuwa nikimjibu nilikuwa nikiifikiria picha moja ambayo kwa fatwa zote hizo, ya mkali na ya mpole, haina tatizo lolote. Ni picha ya mayai mawili juu ya mchanga. Hayana uso, hayana macho, hakuna sheikh atakayeniambia niyafute. Na ndiyo picha ninayoiogopa kuliko zote nilizowahi kupiga.

Wasomaji wa Dar es Salaam na Zanzibar mkisikia mtu anapiga picha viumbe wa ufukweni, huenda mnafikiria pomboo wa Kizimkazi au kasa wa Mafia. Sisi wa Ufipa tuko mbali na bahari, lakini fukwe tunazo mbili. Magharibi nchi inateremka hadi Ziwa Tanganyika, lenye kina cha takriban mita 1,470, ambalo duniani kote linazidiwa kina na Baikal peke yake. Mashariki, kutoka baridi hii ya Sumbawanga, unateremka kwa kona za kutisha takriban mita 1,000 hadi bonde la Ziwa Rukwa. Huko juu uliondoka na koti. Ukifika Muze unatafuta kivuli. Rukwa ni ziwa la ajabu. Halina mto hata mmoja unaotoka. Maji yanayoingia huondolewa na jua tu, kwa hiyo maji yana chumvichumvi, kina ni kifupi, na ukingo wa ziwa haukai mahali pamoja: ulipokanyaga mwaka huu, mwakani huenda pakawa chini ya maji. Kwenye mchanga huo ulio wazi, wakati wa kiangazi, ndege wadogo wenye miguu ya haraka hutaga bila kujenga kiota. Hushimba kishimo kidogo, basi.

Oktoba iliyopita tulishuka watatu, mara baada ya Alfajiri. Kufikia saa tano tulikuwa tukitembea ukingoni, mbali kidogo na wavuvi wa perege na kambale. Mbele yangu ndege mmoja mdogo, rangi ya mchanga wenyewe, akaanza kukimbia huku akiburuta bawa kana kwamba limevunjika. Hila hiyo naijua. Mama anajifanya kilema ili adui amfuate yeye, aliache lile analolilinda. Badala ya kumfuata, nikatazama alikotoka. Palikuwa na kifusi kidogo cha mchanga, si kikubwa kuliko kiganja. Baadaye nilisoma kwamba ndege wa aina hiyo, akilazimika kuondoka, huyafukia mayai yake kwa miguu, upesi upesi, ili yasionekane na yasiungue. Siku ile sikujua hilo, lakini nilijua kabisa kwamba mchanga ule haukujikusanya wenyewe.

Nikachukua unyasi mkavu, nikaupangusa mchanga polepole. Yakatokea mayai mawili yenye mistari kama maandishi ya mtoto anayejifunza kalamu. Subhanallah, nilisema, na nilisema kwa moyo. Kisha nikapiga picha. Kivuli changu kikaharibu ya kwanza, nikahamia upande wa pili. Ya tatu mwanga ulikuwa mkali mno, nikangoja wingu. Nilikaa pale labda nusu saa. Yule ndege alizunguka kwa mbali, akilia, akikimbia na kusimama, na lile bawa lake akiliburuta tena na tena mbele ya mtu asiyedanganyika. Nilipopata niliyoitaka, nikafuta vumbi kwenye lenzi nikaondoka.

Mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akishona wavu, alikuwa akinitazama tangu mwanzo. Nilipompitia akaniuliza, "Mwanangu, umeyafunika?" Nikacheka nikamwambia ndege atarudi. Akasema, "Yeye alikuwa ameyafunika," akaendelea kushona.

Nilirudi. Niliyafunika kwa mkono, vibaya, maana mkono wa mtu si mguu wa ndege. Kama yaliangulika au yalipikwa na jua siku ile, sijui mpaka leo. Watu wa kwetu wa mijini tunadhani yai huharibiwa na baridi. Mchanga wa Rukwa saa sita mchana wa Oktoba huwezi kuukanyaga bila viatu. Wapo ndege wa fukwe za joto ambao hulowesha manyoya ya tumbo majini ndipo wakayapoze mayai yao. Hapo mama halei kwa kupasha joto. Analea kwa kuzuia jua, na mimi nilimzuia yeye.

Hapo ndipo hadithi nyingine ilipokuja kunikaa kifuani, ambayo kwa miaka mingi nilikuwa nikiwasomea watoto. Abu Dawud ameipokea kutoka kwa Abdullah bin Mas'ud (r.a.). Masahaba walikuwa safarini na Mtume (s.a.w.), wakamwona ndege na makinda wawili, wakawachukua makinda. Mama yao akaja akitandaza mbawa zake. Mtume (s.a.w.) aliporejea akauliza ni nani aliyemfadhaisha huyu kwa ajili ya wanawe, na akaamrisha arudishiwe. Tazama anachokiuliza. Hakuanza na hali ya makinda, kama wamejeruhiwa au la, wala hakuuliza walichukuliwa kwa nia gani. Aliuliza juu ya fadhaa ya mama. Ile fadhaa yenyewe, bila tone la damu, ilitosha kuwa kosa la kusimamisha safari ya watu.

Mtu ataniambia: mbona unachinja kuku na kula mayai ya kukaanga kila asubuhi, leo unalilia mayai mawili ya porini? Swali ni la haki. Jibu langu ni kwamba kuku nilipewa idhini kwa ajili ya chakula, na hata idhini hiyo ina adabu zake, kisu kikali na jina la Allah. Idhini ya kula haikuniletea idhini ya kuchezea. Ibn Umar (r.a.) alipowakuta vijana wamemfunga ndege wanamfanya shabaha, hakuwaambia kwamba ndege ni chakula halali hivyo waendelee. Picha yangu haikumlisha mtu. Ilikuwa starehe, na starehe ya mtu mzima haijawa haja mbele ya kiumbe ambaye Qur'an, katika Suratul An'am, imesema ni umma kama sisi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Picha huokoa. Hilo sitalikana. Pomboo wa Kizimkazi walikuwa wakiwindwa kuwa chambo cha papa. Watalii walipoanza kuja na kamera zao miaka ya 1990, uwindaji ule ukakoma. Huku kwetu, katika msitu wa Mbizi ulio juu ya mji wa Sumbawanga, wapo mbega wekundu ambao watu wengi wa mji huu hawajui kama wapo, na mtu hahifadhi asichokijua. Lakini nenda Kizimkazi uone boti zinavyoshindana kumkatia pomboo njia ili mgeni apate picha yake. Yule yule aliyemwokoa na chusa sasa hampi nafasi ya kupumzika. Faida ya picha haikuondoa swali la namna ilivyopatikana. Imelifanya liwe gumu tu kuuliza, kwa sababu anayeuliza anaonekana adui wa faida.

Na tusidhani haya yanaishia kwa ndege. Safari nyingine, upande wa Tanganyika, mwenzetu mmoja alimpiga picha kwa lenzi ndefu mwanamke aliyekuwa akianika dagaa, khanga imemteleza kichwani, hajui kama anatazamwa. Tulimwambia aifute na aliifuta. Sote tuliijua sitara ya yule mama na tukaitambua ilipovunjwa. Lakini mchanga ule wa Rukwa nao ulikuwa sitara, umewekwa na mwenye haki ya kuuweka. Sikuutambua kwa sababu mwenyewe hana ulimi wa kunishitaki. Kesho mbele ya Mola wake atakuwa nao.

Sasa niseme kilichonifanya niandike. Kamati ya madrasa moja hapa mjini inatafuta fedha za kuezeka, ikaamua kuchapisha kalenda ya mandhari ya Rukwa. Wakaniomba picha, nikawapelekea kadhaa, na bila kufikiri niliweka na ile ya mayai. Wote wakaipenda. Hata ustadhi wao, ambaye hataki picha ya chenye roho ukutani, alisema hii ndiyo inafaa kuliko zote. Nyingine waliyoipenda ilikuwa ya maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, maji yakianguka zaidi ya mita 200, na kwenye majabali ya pembeni wale korongo wakubwa wenye vipara wamekaa kwenye viota vyao. Niliipiga nikiwa mbali, ng'ambo ya korongo la mto, na hakuna ndege aliyegeuza shingo. Hiyo ustadhi aliikataa, kwa sababu ndani yake mna ndege.

Niliwaeleza habari ya mayai. Kukawa na kimya. Mmoja akasema kosa limeshapita, nimeshatubu, na sasa heri itoke kwenye shari, watoto wapate paa. Mwingine akauliza kama mtu akiiba mbao kisha akatubu, mbao zile ziezekee msikiti? Akajibiwa kwamba mbao zina mwenyewe wa kurudishiwa, picha tutamrudishia nani? Hapo nami sikuwa na jibu, na bado ninalitafuta. Nilichoweza kusema ni kwamba sitaki mtoto wa madrasa aitazame asubuhi, aseme subhanallah kama nilivyosema mimi, halafu Jumamosi ashuke ziwani na unyasi mkavu mkononi.

Mwishowe waliichapisha Kalambo, lakini ile niliyoipiga kwa karibu, maji matupu, bila korongo hata mmoja. Ustadhi akaridhika na mimi nikaridhika. Mweka hazina hajaridhika. Kila tukikutana ananiambia kalenda ya mayai ingeuzika haraka zaidi. Huenda ni kweli. Picha yenyewe ni nzuri sana.